Nyoka Hakuvuka Barabara

Gare, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanaidi mwanangu,

Marahaba. Shikamoo yako naipokea kabla hujaitoa, kwa sababu ukiisoma barua hii hutanikuta nyumbani, nitakuwa nimekutangulia barabarani. Hali yangu unaijua, ni goti tu na macho. Yako naijua pia, maana nakuona kupitia kioo, unapita uani na ndoo, unamwambia Mama Salimu asikufungie unga wa bada kwenye begi kwa sababu Dar unga upo. Nimekaa ndani ya lori lako, kwenye kiti chako, daftari nimeliegemeza kwenye usukani. Mama Salimu alikuja kuuliza nafanya nini huku muda wote huo, nikamwambia nakagua mafuta. Kwa hiyo barua imeanza na uongo. Nitajitahidi uwe wa mwisho.

Herufi zangu utazivumilia. Unajua shule niliiacha darasa la sita, na sababu niliyokuwa nawapa watu ni kwamba mwalimu alichoka kusahihishwa na mimi. Ukweli ni kwamba hesabu za sehemu zilinishinda. Haya, umeona, nimeanza vizuri.

Mambo ya maji ya rejeta, na kulala Segera ukichoka, na kutomwamini utingo anayesema matairi ameyagonga yote, sikuandikii. Hayo unayajua kuliko mimi. Umesoma, una leseni ya magari makubwa, na tajiri wa lori hili amekuchagua wewe akawaacha wanaume wanne wenye ndevu. Kijiweni nimeshasema walikuwa kumi na wawili.

Nataka kuandika habari za faini.

Ijumaa ile ulikuwepo pale stendi ya Lushoto, wazee wa usukani wakibishana habari za sheria mpya. Mmoja anasema faini zinapanda. Mwingine anasema hazipandi, ila leseni itawekewa nukta, ukikosea unakatwa, zikiisha unarudi kuwa abiria kama watu wengine. Fundi Shaabani akasema yeye hana wasiwasi, gari lake lina makosa mengi kuliko nukta zenyewe, watakosa pa kuanzia. Watu wakacheka. Wewe ukatoa simu ukawasomea, taratibu, hiki kimepitishwa, hiki bado kinajadiliwa, hiki ni maneno ya watu. Wakasogea kusikiliza. Nilijisikia kama nimekuzaa mwenyewe.

Halafu wakanigeukia mimi. Shaabani akasema, "Mwacheni huyu, huyu sheria haimhusu. Hajaandikiwa tangu azaliwe." Nami nikakaa vizuri kwenye benchi nikasema, "Ni kweli, na sasa nimezeeka, hawataki tena kujaribu."

Umekua ukiisikia hiyo. Kwamba katika barabara yote ya Lushoto mpaka Mombo hajazaliwa trafiki wa kumwandikia mjomba wako. Umesikia nilivyoshuka kutoka Soni usiku wa mvua bila taa hata moja, nikiongozwa na radi. Umesikia habari za yule trafiki aliyenisimamisha asubuhi, nikampigia hadithi mpaka zamu yake ikaisha, akanisaidia kusukuma gari. Hiyo ya trafiki ni kweli. Hiyo ya radi imezidi kidogo.

Na nimeziona faini za kila aina, mwanangu. Nilipoanza, faini ilikuwa mazungumzo. Unashuka, unaamkia, unauliza watoto, unaacha kabeji mbili juu ya jiwe kama umezisahau, unaondoka. Baadaye vikaja vitabu vya kuandikia, kabeji zikapungua nguvu. Halafu ikaja ile mashine ya mkononi, kosa likawa linaingia kwenye namba ya gari na kukaa humo kama kupe. Ile pikapu yangu niliinunua kwa mtu wa Korogwe, kumbe nimenunua na madhambi yake yote. Sasa zinakuja nukta. Kila serikali ilipopandisha kitu, na sisi tulipandisha kitu. Tulichopandisha ni taa.

Taa nilikufundisha mimi. Hukuwa hata na leseni. Mara mbili za haraka, maana yake wapo mbele. Kidole kikielekezwa chini, wapo hapahapa karibu. Kiganja kikigeuzwa, wameondoka, pita. Nilikuambia hii ndiyo dini ya barabara, kwamba dereva asiyemwashia mwenzake ni sawa na anayekula amejifungia mlango. Ulijifunza haraka kuliko gia.

Basi sikiliza. Niliandikiwa. Si mara moja, na karatasi ya kwanza ninayo. Nimeikunja humu ndani ya barua, usiitupe.

Ulikuwa na miaka sita, meno mawili ya mbele yametoka. Nilikuwa nashusha matunda Mombo kwa pikapu ya zamani, ile ya bluu. Chini ya Soni, kabla ule mteremko mkubwa haujaanza, pale penye mkaratusi, walisimama trafiki wawili. Mmoja mrefu, mgeni, hajazoea baridi, amevaa sweta juu ya nguo zake nyeupe. Akanisimamisha. Nikashuka na maneno yangu yote. Nilimuuliza kwao wapi, nikamwambia nimewahi kufika (sijawahi), nikamtania, nikamwonyesha matunda. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Halafu akainama akapitisha kiganja kwenye tairi langu la nyuma, na kiganja kikateleza kama kinapita kwenye upara. Akaandika.

Alivyonipa karatasi alisema, "Kaka, hii utaisahau. Tairi usilisahau."

Hakunitukana. Angenitukana ningekuwa na pa kushika. Na kibaya zaidi gari tatu zilipita wakati naandikiwa, na madereva wote wananijua. Mmoja akatoa kichwa dirishani akasema, "Leo simba kanyolewa." Nilipofika Mombo habari ilikuwa imeshafika kabla yangu, ila wanaokumbuka wamenifichia mpaka leo.

Nilishusha matunda nikageuza kupanda. Tairi sikubadilisha. Nilipanda na hasira, nikapita pale mkaratusi bila kuwatazama, na tangu hapo kila gari niliyokutana nayo inashuka niliiwashia. Mara mbili, mara mbili, mara mbili. Hata mtu wa baiskeli nilimwashia. Nilisema moyoni leo hawa hawapati hata samaki mmoja, watarudi kambini na vitabu vitupu.

Pale Soni, karibu na soko, nikakutana na lori la Rajabu. Rajabu humkumbuki, alikuwa dereva wa huku kwetu Gare, mtu mzuri, mpole, aliyebeba mizigo ya watu wa huku wasio na nauli. Nikamwashia. Akasimama upande wake, nami nikasimama upande wangu, madirisha yakatazamana. Juu ya lori kulikuwa na karoti. Ndani, kiti cha katikati, alikaa utingo. Kiti cha mlangoni alikaa mama yako.

Hili sijawahi kukuambia. Nilikuambia mara ya mwisho nilimwona mdogo wangu Hadija siku ya Idi, amevaa gauni la kijani. Kumbe nilimwona siku ileile niliyoandikiwa. Alikuwa na khanga ya kahawia kichwani, anapeleka karoti zake mnadani Mombo, arudi na viatu vyako vya shule. Mguu wako alikuwa ameupima kwa uzi, na uzi ule ameuzungusha kidoleni asiusahau.

Rajabu akaniuliza, "Wapo?"

"Wapo. Wawili. Pale mkaratusi."

"Wanaangalia nini?"

"Kila kitu."

Akashika ndevu. Akasema, "Upepo wa breki unanivujia tangu jana. Wakinikuta nao leo wananing'oa namba."

Mwanaidi, nimeishi na maneno hayo. Sikuyasikia vibaya. Hakusema kwa mafumbo. Mimi ni mtu wa magari tangu utoto, najua breki za upepo zikivuja kwenye mteremko ule maana yake nini, hata utingo anajua. Lakini siku ile kichwa changu kilikuwa na kitu kimoja tu, faini. Nilimsikia mtu akiniambia hana breki, nikaelewa kwamba ataandikiwa. Nikamhurumia kwa kuandikiwa.

Nikamwambia, "Zima injini, kaa hapa. Saa saba wanakwenda kula kwenye kile kibanda. Ndipo ushuke."

Hadija akainama mbele ili anione. Akacheka akasema, "Kaka, umetuokoa."

Nikapiga honi, nikaondoka. Nilijiona mtu.

Walikaa pale Soni zaidi ya saa nzima, injini inayoujaza upepo imezimwa, na upepo ukiendelea kutoka kidogo kidogo. Saa saba trafiki wakaenda kula. Rajabu akashuka akapita pale mkaratusi mbio kidogo, kabla hawajarudi. Kona ya kwanza alipita. Ya pili alipita. Ya tatu unaijua, ile tunayoiita kona ya honi.

Nilishuka na watu baada ya kusikia. Yule trafiki mrefu alikuwa amefika kabla yetu, yuko bondeni. Nguo zake nyeupe zilikuwa nyekundu kwa udongo mpaka kifuani, sweta amelivua amemfunika mama yako. Rajabu naye alikuwa ameshafariki. Utingo alipona, lakini hakuwa na kauli kwa siku nyingi, na alipopata kauli alihamia kwao Bumbuli, hakusema kitu. Yule trafiki alikuwa akimuuliza kila mtu swali moja, hata wasiojua. "Hili lilipita saa ngapi? Tumekaa pale juu tangu asubuhi. Tulikwenda kula robo saa tu."

Akanitambua. Akaja mpaka mbele yangu akasema, "Kaka, wewe ulipanda. Hukukutana nalo njiani?"

Nikasema, "Sikukutana nalo."

Nilimwacha aende na robo saa yake. Alihamishwa baadaye. Watu wa Mombo walisema tangu siku ile, akiwa zamu, hakula tena mchana. Hiyo sikuitunga mimi, mwanangu, laiti ingekuwa ni yangu.

Jioni yake ukaja ukasimama mbele yangu ukaniuliza mama amefanyaje. Watu wamejaa ndani, wanawake wanalia. Nami mdomo ukafunguka wenyewe, kama ulivyozoea, nikakuambia nyoka mkubwa alivuka barabara na dereva akamkwepa. Ukauliza, "Mkubwa kiasi gani?" Nikakuonyesha mkono wangu. Ukaupima kwa macho. Niliona imekusaidia, kwamba sasa una kitu cha kukichukia.

Basi nikamlisha yule nyoka. Kila ulipouliza alikuwa ameongezeka. Ulipofika darasa la tatu alikuwa mnene kama gogo. Ulipofika la saba alikuwa na kishungi na anapiga mluzi. Ulipokuwa kidato cha pili niliwasimulia wageni mbele yako kwamba mkia ulikuwa Soni na kichwa kiko Mombo. Wageni wakacheka, wewe ukanitazama tu ukatoka nje kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Tangu hapo hukuniuliza tena. Huwa najiuliza siku ile ulijua nini.

Baada ya mazishi nilijiapia sitawasha taa tena. Nikakaa masika nzima bila kumwashia mtu. Wakaniita Mchoyo. Na wao wakaacha kuniwashia, kwa hiyo nikawa naingia mikononi mwa trafiki kama kipofu, kila wiki nasimamishwa. Nililipia tairi, nikalipia kioo, mkanda. Sijui ingekuwaje ningevumilia, labda gari lingekuwa zima siku moja na wao wangechoka. Sikuvumilia. Siku moja tu, mbele ya msikiti wa Soni, nikawasha mara mbili kwa mtu nisiyemjua. Akanijibu kwa mkono. Ilikuwa raha, nakwambia kweli. Nikarudi kwenye kundi, na baada ya miaka nikakufundisha na wewe.

Jumatano iliyopita tulikuwa tunapanda kutoka Mombo, wewe kwenye usukani, mimi pembeni nikijifanya nimelala. Trafiki walikuwa chini kidogo, tumewapita. Likaja lori la mbao linashuka, na kwenye magurudumu ya nyuma linatoa moshi mwembamba wa breki zinazoungua. Uliuona moshi. Mimi niliuona kwamba umeuona, maana ulikunja uso. Halafu mkono wako ukawasha taa mara mbili, kidole kikaelekea chini, ukatabasamu, ukaniambia, "Huyo nimemwokoa, Mjomba."

Ndiyo maana nilikuomba usimame nikashuka nikainama pale kwenye mfereji. Nikakuambia ni maandazi ya Mombo. Ulinisugua mgongo ukanipa maji. Mkono wako ni wa Hadija, sikuwa nimeuona hivyo kabla.

Lile lori lilifika salama. Nilituma mtu kuuliza, na kesho yake nikashuka mwenyewe na bodaboda kuhakikisha, ndiyo ile siku niliyosema nimekwenda kuangalia dawa ya goti. Dereva wake nilimkuta anakula wali. Nilitaka kumwambia neno, nikamwomba kiberiti tu, na mimi sivuti.

Sasa unaondoka, na sheria zinabadilika, na najua jinsi madereva walivyo. Nukta zikija, barabara yote kutoka hapa mpaka Dar itakuwa inawaka kama harusi. Watakuwashia watu wema, watu kama Rajabu, watu watakaokukopesha jeki na kukulinda ukilala. Sikuambii uwaone wabaya. Wala sikuambii kila aliyevaa nguo nyeupe ni mtu wa haki. Kabeji zangu zilikuwa na walaji. Faini yenyewe inaweza kuwa ya uonevu, nimeona mtu anaandikiwa kwa vumbi. Sina ushauri uliokamilika. Nina jambo moja tu, kwamba siku ile mtu aliniambia breki na mimi nikasikia faini, na walionifundisha kusikia hivyo hawakuwa watu wabaya, ni rafiki zangu.

Usipowasha watakuita Mchoyo. Utasimamishwa mara nyingi kuliko wenzako, na hizo nukta zao huenda ukawa wa kwanza kukatwa. Nimekuachia mzigo ambao mimi mwenyewe niliushusha baada ya masika moja. Ukiushusha na wewe, sina mdomo wa kukulaumu. Nilitaka tu uujue una nini ndani.

Yule trafiki, kama yupo hai, atakuwa amestaafu. Jina lake limeandikwa chini ya ile karatasi, wino umefifia lakini linasomeka. Nimechelewa miaka kumi na minane kumtafuta. Wewe unapita njia ndefu, unakutana na watu wao kila siku. Nikikuomba uniulizie utakuwa unanifanyia kazi yangu, kwa hiyo sikuombi. Nimekwishamwambia Mama Salimu kwamba wiki ijayo nitakwenda kituoni Mombo kuulizia mwenyewe. Hajui ni ya nini. Nitamweleza nikirudi.

Magharibi inaadhiniwa, umewasha taa ya jikoni, na mimi macho yamechoka. Sitaweza kukuona usoni wakati unasoma haya. Ni uoga, uite hivyo. Barua naibana kwenye usukani kwa ile kamba ya plastiki, hutaweza kuwasha gari bila kuiondoa. Alfajiri Shaabani atanipeleka kwa pikipiki mpaka kona ya honi, nitasimama upande wa juu penye jiwe.

Usisimame. Pale hapasimamwi, ni kosa na ni hatari, na sitaki safari yako ya kwanza ianze kwa kosa lililotokana na mimi. Pita na gia nzito, upande wako. Honi utapiga, maana kona ile inapigiwa honi na kila mtu, sheria inataka na akili inataka. Kwa hiyo haitakuwa na maana ya kwamba umenisamehe, najua. Nitakuwa nimesimama tu, naisikia.

Na nikiulizwa kijiweni ulipitaje, nitasema alipiga honi, akapita. Kama ilikuwa fupi nitasema ilikuwa fupi. Sitaiongezea urefu.

Mjomba wako aliyekulea,
Athumani